Namba 6001 Iliyogeuzwa Sifuri: Uchambuzi wa Kisa cha Draiva ya FTDI na Chipu Feki za FT232RL

Oktoba 2014, mafundi na wapenzi wa elektroniki katika nchi mbalimbali walianza kuripoti tatizo lenye sura moja. Bodi ya Arduino, yaani bodi ndogo ya saketi inayopangwa programu kutoka kwenye kompyuta, au kigeuzi cha USB kilichofanya kazi vizuri siku iliyotangulia kilichomekwa kwenye kompyuta ya Windows, kompyuta ikalia kuashiria kwamba kuna kitu kimeunganishwa, lakini poti ya COM, yaani mlango ambao Windows huutumia kuzungumza na kifaa cha namna hiyo, haikutokea. Mwenye kifaa akabadilisha waya, akazima na kuwasha upya kompyuta, akahamia tundu jingine la USB. Hali ikabaki ileile. Alipokipeleka kwenye kompyuta ya pili, ambayo haikuwa na shida yoyote na vifaa vingine vya aina hiyo, nako hakikutambuliwa. Dalili hiyo ndiyo iliyowatia watu shaka, kwa sababu draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, ikiharibika huharibika ndani ya kompyuta moja, ilhali hapa ubovu ulikuwa unasafiri pamoja na kifaa.

Chanzo kilijulikana upesi. FTDI, kampuni ya chipu yenye makao yake Glasgow, Uskoti, ilikuwa imetoa toleo jipya la draiva yake, na toleo hilo lilikuwa likiingia kwenye kompyuta za watu kupitia huduma ya masasisho ya Windows. Draiva hiyo ilipokutana na chipu iliyoiga FT232RL, chipu ya kampuni hiyo ya kuunganisha bodi na USB, iliandika sifuri mahali panapokaa namba ya utambulisho wa bidhaa, ndani ya chipu yenyewe. Kuanzia hapo chipu ilijitambulisha kwa namba ambayo hakuna draiva iliyokuwa ikiijua, na kwa mtu wa kawaida kifaa kilikuwa kimekufa.

Kisa hiki kimezungumzwa sana kama mgogoro wa haki kati ya mwenye jina na mwigaji. Mimi naona kwamba jibu lake liko wazi zaidi ndani ya msimbo wa draiva kuliko ndani ya hoja za pande mbili hizo, kwa kuwa namna kitendo kilivyotekelezwa inaonyesha nini kilikusudiwa. Kwa hiyo nitakaa kwa muda mrefu zaidi kwenye ufundi wake, kisha nitarudi kwa mtu aliyeshika bodi iliyokufa mkononi.

Chipu na kazi yake

Mikrokontrola kama ATmega328P, ambayo ndiyo moyo wa bodi nyingi za Arduino, haina sehemu ya USB ndani yake. Huwasiliana kwa njia ya serial, yaani waya mmoja wa kutuma na mmoja wa kupokea, na kompyuta za leo hazina tena tundu la aina hiyo. Kati ya mikrokontrola na kompyuta lazima pawe na chipu ya kugeuza lugha moja kuwa nyingine. FTDI, iliyoanzishwa mwaka 1992, ilijijengea jina kwa chipu za namna hii, na FT232R ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Sababu ilikuwa ya kiufundi: chipu iliyoitangulia ilihitaji kumbukumbu ya nje na vijenzi vingine kuizunguka, lakini FT232R ilibeba ndani yake kumbukumbu ya EEPROM (inayoandikwa upya na isiyofutika umeme ukikatika), saa na vizuizi vya USB, hivyo mtengenezaji wa bodi akabaki na vijenzi vichache vya kupachika. Arduino Diecimila, Duemilanove na Nano zote zilitumia FT232RL, ambayo ni FT232R katika umbo la miguu 28. Arduino Uno ya mwaka 2010 iliiacha njia hiyo na kutumia mikrokontrola ndogo ya ATmega8U2 kufanya kazi ya kugeuza, lakini Nano iliendelea kubeba FT232RL, na Nano ndiyo bodi iliyonakiliwa mno kwa sababu ya udogo na bei yake.

Kila kifaa cha USB hujitambulisha kwa namba mbili. Ya kwanza humtaja mtengenezaji, ya pili huitaja bidhaa. Kwa FT232R namba ya mtengenezaji ni 0403 na ya bidhaa ni 6001, zote zikiandikwa kwa mfumo wa heksadesimali. Kompyuta huzisoma namba hizo kabla ya jambo lingine lolote, kisha hutafuta katika orodha zake draiva inayosema kwamba inahudumia 0403 na 6001. Namba hizo huhifadhiwa katika EEPROM ya chipu ili kampuni inayounda kifaa kwa kutumia FT232R iweze kuziandika upya na kuweka za kwake. Uwezo huo wa kuandikwa upya, uliowekwa kwa ajili ya kumhudumia mteja, ndio uliotumika katika kisa hiki.

Waigaji

Chipu za kuiga FT232RL zilikuwa sokoni muda mrefu kabla ya 2014. Februari ya mwaka huo, watu wa Zeptobars, ambao kazi yao ni kuyeyusha ganda la chipu na kupiga picha kilichomo, walichapisha picha za FT232RL halisi na ya kuiga zikiwa bega kwa bega. Kwa nje tofauti ilikuwa ndogo. Kwa ndani zilikuwa chipu mbili zisizo na undugu: ya FTDI ilikuwa saketi iliyosanifiwa mahsusi kwa kazi hiyo, na ya kuiga ilikuwa mikrokontrola ya kawaida yenye programu iliyochongwa kiwandani ndani ya ROM yake, yaani kumbukumbu isiyobadilishika, programu inayoifanya iitikie kama FT232RL inavyoitikia.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kutengeneza chipu inayoelewa amri zilezile za draiva ni kazi ya uhandisi, na historia ya kompyuta imejaa bidhaa zinazooana na za mshindani. Kuandika juu ya ganda lake jina na nembo ya kampuni nyingine ni udanganyifu, na ndio uliomfanya mtengenezaji wa bodi aamini kwamba amenunua kitu fulani na kumbe ameuziwa kingine. FTDI ilikuwa imeibiwa jina. Ilikuwa pia inabeba gharama ya kutengeneza na kuhudumia draiva ambayo waigaji waliitumia bure, na malalamiko ya wateja wenye chipu mbovu za kuiga yaliishia kwenye meza yake. Simlaumu mtu yeyote katika kampuni hiyo kwa kukasirika. Mtu aliyewekeza miaka mingi katika chipu moja na kuiona ikiuzwa kwa jina lake na watu asiowajua ana haki ya kutafuta njia ya kujilinda.

Kilichofanyika ndani ya chipu

EEPROM ya FT232R ina baiti 128. Draiva huiona kama seli 64 za biti 16 kila moja, zenye namba kuanzia 0 hadi 63. Seli ya 1 ina namba ya mtengenezaji, seli ya 2 ina namba ya bidhaa, na seli ya mwisho, ya 63, ina namba ya uhakiki. Namba ya uhakiki hupatikana kwa kupitia seli zote zilizotangulia moja baada ya nyingine, kwa hesabu ya XOR (ya kulinganisha biti za namba mbili) na kuzungusha biti, kuanzia thamani AAAA. Seli moja ikibadilika bila hesabu kurudiwa, inajulikana kwamba yaliyoandikwa hayaaminiki.

Wahandisi walioichambua draiva mpya waligundua kwamba waandishi wake walikuwa wametumia tofauti moja ndogo kati ya chipu halisi na ya kuiga. Chipu halisi huandika EEPROM yake kwa biti 32 kwa pamoja, yaani seli mbili kwa mkupuo. Ukiiamuru iandike seli yenye namba shufwa, huiweka thamani hiyo pembeni na kusubiri. Kuandika kwenyewe hutokea pale inapopokea amri ya seli ya witiri inayofuata. Chipu ya kuiga haikuwa na tabia hiyo. Ilipoambiwa iandike seli fulani, iliiandika papo hapo.

Matokeo yake ni kwamba draiva inayotuma amri za kuandika seli za shufwa peke yake haibadilishi chochote katika chipu halisi, ila katika chipu ya kuiga kila amri inatekelezwa. Namba ya bidhaa iko katika seli ya 2, ambayo ni shufwa, na draiva iliandika sifuri hapo. Ilibaki kikwazo kimoja. Seli ya 2 ikishabadilika, namba ya uhakiki katika seli ya 63 haitalingana tena na yaliyomo, na seli ya 63 ni witiri, kwa hiyo kuiandika kungehatarisha chipu halisi. Waandishi wa draiva walilitatua hilo kwa kurudi seli moja nyuma. Walikokotoa thamani ambayo, ikiwekwa katika seli ya 62, ingeifanya hesabu nzima itoe jibu lilelile lililokuwa tayari katika seli ya 63. Kwa njia hiyo namba ya uhakiki haikuguswa kabisa, na data iliyoharibiwa ikaonekana salama.

Naomba msomaji akae kidogo na jambo hili, maana ndilo linaloamua kisa. Laiti draiva ingekuwa imeandika vibaya kwa bahati mbaya, au ingekuwa inajaribu amri fulani ili kuitambua chipu feki kisha ikashindwa kurejesha hali ya awali, tungeweza kuzungumza juu ya kosa la programu. Jaribio la kutambua lingeweza kufanywa kwenye seli isiyo na umuhimu wowote, na thamani ya zamani ikarudishwa. Hapa kuna mtu aliyekaa akatafuta seli ambazo chipu ya kampuni yake haitadhurika, akachagua kati ya hizo ile inayobeba utambulisho wa kifaa, kisha akafanya hesabu ya ziada ili uharibifu upite kwenye ukaguzi wa chipu. Hesabu ya seli ya 62 haina kazi nyingine yoyote. Haitambui chipu feki, kwa kuwa sifuri ilikwisha kuandikwa. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba sifuri inadumu.

Haki ya kukataa na mahali inapoishia

Utetezi ulioegemea sheria ulikuwepo. Masharti ya leseni yaliyoambatana na draiva yalionya kwamba kuitumia pamoja na kijenzi kisicho halisi kunaweza kukiharibu kijenzi hicho moja kwa moja. Lakini masharti hayo yalikuwa ndani ya mafaili ya draiva, na draiva iliingia kwa njia ya sasisho la Windows, ambapo mtu huchomeka kifaa na kompyuta hujihudumia yenyewe. Sioni jinsi mtu anavyoweza kusemwa ameridhia jambo ambalo hakuonyeshwa, hasa pale ambapo jambo lenyewe ni kuharibiwa kwa mali yake.

Kampuni haiwajibiki kuhudumia chipu ambayo haikuitengeneza, na kukataa kulikuwa kumekwisha fanyika katika tasnia hiihii. Prolific ya Taiwan, ambayo chipu yake ya PL2303 iliigwa vilevile, ilitoa draiva zilizokataa kuanza zilipokutana na chipu za kuiga, na mtumiaji akaona kwenye Windows ujumbe wa hitilafu namba 10. Watu walilalamika, na baadhi ya malalamiko hayo yalikuwa na haki kwa sababu hata chipu halisi za zamani zilikataliwa. Hata hivyo kifaa kilibaki kama kilivyokuwa. Ukirudisha draiva ya zamani kinafanya kazi, na ukikipeleka kwenye Linux kinafanya kazi. Mtengenezaji wa kufuli akigundua kwamba mlango wako umefungwa kwa kufuli iliyoigiwa jina lake, anaweza kukataa kukuchongea ufunguo. Kumimina gundi kwenye tundu la ufunguo ni jambo jingine.

Uzito wa tofauti hiyo unaonekana zaidi tukikumbuka kwamba FT232RL haikuwa chipu ya wapenzi wa elektroniki peke yao. Ilikuwa ndani ya vifaa vya maabara, mashine za viwandani na vyombo vya kupimia. Aliyeandika draiva hakuwa na njia ya kujua kama chipu anayoizima iko kwenye bodi ya mwanafunzi au kwenye kifaa ambacho mtu mwingine anakitegemea kwa jambo zito. Alitoa amri ileile kwa vyote.

Nani aliyelipa

Tuifuate chipu feki kutoka mwanzo wa safari yake. Aliyeitengeneza alikwisha kulipwa. Aliyeiuza kwa rundo katika soko la vijenzi huko Shenzhen alikwisha kulipwa. Kiwanda kilichoipachika kwenye bodi, muuzaji wa jumla, na mwenye duka wa mwisho, wote fedha yao ilikuwa mfukoni. Draiva haikumfikia hata mmoja wao. Ilimfikia mtu wa mwisho, aliyenunua bodi kwa nia njema na asiyekuwa na uwezo wa kujua.

Kusema kwamba hakuwa na uwezo wa kujua si kumtetea kupita kiasi. Mwaka 2010 SparkFun, kampuni ya Marekani inayouza vijenzi kwa wapenzi wa elektroniki na yenye wahandisi wake, iliuziwa shehena ya chipu zenye maandishi ya ATmega328 ambazo hazikuwa ATmega328. Ikiwa mnunuzi wa aina hiyo anaweza kudanganywa, mwanafunzi wa chuo anayenunua Nano moja Kariakoo au kwenye Barabara ya Luthuli jijini Nairobi kwa ajili ya mradi wake wa mwaka wa mwisho atajuaje? Bodi imefungwa kwenye kifuko cha plastiki, chipu iko upande wa chini, maandishi yake yanasomeka kwa kioo cha kukuzia, na maandishi hayo ndiyo yaliyoghushiwa. Mwenye duka naye hajui, na akiulizwa atajibu kwa ukweli wake wote kwamba bodi ni nzuri na wateja hawajarudi kulalamika.

Nchi zetu zina njia za kisheria za kupambana na bidhaa bandia. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2008 na mamlaka maalumu ya kuisimamia. Tanzania kazi hiyo iko chini ya Tume ya Ushindani. Njia hizo zina upungufu mwingi, na chipu yenye ukubwa wa ukucha haikamatwi bandarini kwa urahisi. Lakini zina utaratibu ambao draiva haikuwa nao: anayeshtakiwa ni mtengenezaji au mfanyabiashara, kuna mtu wa tatu anayeamua, na mali hukamatwa kabla haijafika kwa mtumiaji. Kwa upande mwingine, kubadilisha data ndani ya kifaa cha mtu bila idhini yake ni jambo ambalo sheria za makosa ya kompyuta hulikataza, Uingereza tangu 1990 na Tanzania tangu 2015.

Kurudi nyuma kwa kampuni

Kelele zilikuwa kubwa na jibu lilikuja ndani ya siku chache. Draiva iliondolewa kwenye huduma ya masasisho ya Windows, na Fred Dart, mkuu wa FTDI, akatoa taarifa kwamba toleo jipya lingetoka, toleo ambalo lingeendelea kupinga chipu zisizo halisi kwa njia isiyoathiri moja kwa moja vifaa vya watumiaji. Naichukulia taarifa hiyo kuwa kukiri, ingawa haikuandikwa hivyo, kwamba mpaka ulikuwa umevukwa.

Upande wa Linux jibu lilikuwa la kiutendaji. Kerneli, yaani kiini cha mfumo huo, iliongezewa namba 0000 ya bidhaa katika orodha ya draiva yake ya ftdi_sio, ili chipu zilizofutiwa utambulisho ziendelee kufanya kazi bila mwenye nazo kufanya lolote.

Mwanzoni mwa 2016 suala liliibuka tena kwa sura nyingine. Watumiaji waligundua kwamba draiva mpya ya Windows, ikikutana na chipu ya kuiga, ilituma maneno ya Kiingereza yanayotangaza kwamba kifaa kisicho halisi kimepatikana, badala ya data iliyotarajiwa. Chipu haikuguswa, na hapo kuna nafuu. Lakini kwenye waya wa serial hakuna mtu anayesoma. Kuna mikrokontrola inayosubiri amri, pengine ya kusogeza mota au kufungua vali, na kuipelekea maneno ambayo haikuyatarajia ni kuicheza bahati nasibu na kifaa cha mtu mwingine. Kukataa kufungua poti kungetosha.

Kuifufua chipu iliyozimwa

Bodi zilizopatwa na jambo hili bado hujitokeza, zikiwa zimetupwa kwenye sanduku la vitu vibovu na mtu aliyedhani zimeungua. Kuzitambua ni rahisi kwenye kompyuta yenye Linux. Chomeka bodi kisha endesha amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB vilivyounganishwa. Ukiona 0403:0000 badala ya 0403:6001, chipu haijaungua, imefutiwa namba tu.

Kwenye Linux ya miaka ya karibuni huenda poti ya /dev/ttyUSB0 ikatokea yenyewe. Kwenye toleo la zamani unaweza kuiambia draiva iipokee namba hiyo, ukiwa na mamlaka ya msimamizi wa kompyuta:

modprobe ftdi_sio
echo 0403 0000 > /sys/bus/usb-serial/drivers/ftdi_sio/new_id

Hatua hiyo haibadilishi chochote ndani ya chipu na hupotea kompyuta ikizimwa. Ili kuirudishia chipu namba yake, kuna programu ndogo ya Linux inayoitwa ft232r_prog:

ft232r_prog --old-pid 0x0000 --new-pid 0x6001

Chomoa bodi, ichomeke tena, na lsusb itaonyesha 6001. Mwenye Windows peke yake anaweza kutumia programu ya FTDI yenyewe, FT_PROG, lakini lazima kwanza aweke draiva ya zamani na kuihariri faili yake ya INF, yenye orodha ya namba inazozihudumia, ili ikubali namba 0000, kazi ambayo ni ndefu na yenye kukatisha tamaa. Ningemshauri aazime kompyuta yenye Linux, au aiwashe ya kwake kwa Linux iliyo kwenye flashi. Jambo moja la kuzingatia kabla ya kuirudisha bodi kwenye Windows ni kuhakikisha kwamba kompyuta hiyo haina toleo la 2.12.00, yaani ile draiva ya 2014 iliyozima chipu, kwa sababu kompyuta ya zamani iliyokaa miaka bila kusasishwa inaweza kuwa nalo hadi leo na itaizima chipu mara ya pili.

Ikiwa unataka kujua kama bodi uliyo nayo ina chipu ya kuiga, kiangalie kitambulisho cha mfululizo. Kila FT232RL halisi hutoka kiwandani na namba yake ya mfululizo, tofauti na ya mwenzake. Waigaji wengi hawakujisumbua: namba A50285BI imeonekana kwenye chipu za watu wasiohesabika duniani kote. Kwenye Linux angalia majina yaliyomo katika /dev/serial/by-id. Ukikutana na A50285BI, shaka yako ina msingi. Ukikutana na bodi mbili zenye namba hiyohiyo zikichomekwa pamoja, hakuna haja ya ushahidi zaidi.

Na hata chipu ya USB ikikataa kabisa kufufuka, mikrokontrola iliyo upande wa pili wa bodi ni nzima. Kwenye Nano, FT232RL imeunganishwa na miguu ya serial ya D0 na D1 kupitia vizuizi vya kilo-omu 1, kwa hiyo kigeuzi cha nje cha serial kinaweza kuunganishwa kwenye miguu hiyohiyo na kikaishinda sauti ya chipu iliyozimwa. Njia nyingine ni pini sita za ISP, za kuipakia mikrokontrola programu moja kwa moja, zilizo kwenye ukingo wa bodi: Arduino ya pili iliyopakiwa programu ya ArduinoISP hupeleka waya kutoka D10 kwenda RESET, na D11, D12 na D13 kwenda kwenye miguu yenye namba hizohizo, pamoja na umeme wa volti 5 na GND. Kwa njia hii USB ya bodi haihitajiki kabisa.

Kilichobadilika mezani

Athari kubwa zaidi ya kisa hiki ilitokea kimya kwenye michoro ya saketi. FT232RL iliuzwa kwa zaidi ya dola 4 ikinunuliwa moja moja, ilhali CH340G ya kampuni ya WCH ya China ilipatikana chini ya dola 1, ikihitaji kristali ya megahezi 12 pembeni yake na vijenzi vingine vichache. Viwanda vinavyonakili Nano vilihamia CH340G, na ndiyo utakayoikuta leo kwenye karibu kila Nano ya bei nafuu sokoni kwetu. Bodi za Wi-Fi za ESP8266 na ESP32 nazo zilikuja na CH340 au CP2102 ya Silicon Labs. Nalihesabu hili kuwa jambo jema kwa mnunuzi, kwa sababu CH340 imeandikwa jina lake mwenyewe juu ya ganda lake. Ni chipu ya bei rahisi inayosema ukweli kuhusu ilivyo, na mtu anajua atafute draiva gani.

Njia bora zaidi, kwa maoni yangu, ni ile isiyohitaji kigeuzi. ATmega32U4 ya Arduino Leonardo, iliyotoka 2012, ina USB ndani yake; vivyo hivyo RP2040 ya Raspberry Pi Pico iliyotoka Januari 2021, na ESP32-S3. Zote zinaweza kujitambulisha kwa aina ya kifaa inayokubalika kimataifa, CDC, ambayo Windows 10 na Linux huihudumia kwa draiva zao zenyewe. Hapo hakuna kampuni ya tatu inayosimama kati ya kompyuta na bodi ikiwa na uwezo wa kubadili mawazo kuhusu kifaa ambacho mtu alikwisha kukilipia.

Kwa anayechora bodi yake mwenyewe na bado anataka kigeuzi juu yake, apachike pia pini sita za ISP na pini za TX, RX, DTR na GND zinazofikika kwa nje. Nafasi zinayochukua ni ndogo na gharama yake haifiki hata senti chache za dola. Kwenye EEPROM ya kigeuzi, kama kinaruhusu, aandike jina la bidhaa yake na namba ya mfululizo tofauti kwa kila bodi, kisha azihifadhi namba hizo mahali salama, ili siku chipu itakapobadilika kwa sababu yoyote awe na rekodi ya jinsi ilivyokuwa.